Vipande Kumi na Kimoja vya Mama Selpha Aoko

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, Mama Selpha Aoko anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Miche cha Nyamasaria kwa miaka ishirini na mmoja, miezi mitatu na siku kumi. Hizo siku kumi ameniagiza mwenyewe niziandike. Alisema alizifanyia kazi kama zile nyingine.

Aliingia kwa lango la nyuma tarehe 20 Machi 1957, akiwa kibarua wa kuteka maji. Wakati huo kituo hakikuwa na pampu. Wanawake wanane walishuka mtoni asubuhi na jioni, kila mmoja na debe lake kichwani, wakamwagilia matuta ya mikalitusi na mivinje mpaka udongo ukashiba. Wengi walikaa msimu mmoja wakaondoka. Mama Selpha alikuwa akitoka Nyalenda kwa miguu kabla jua halijachomoza, na msimamizi wa zamani aliandika kwenye kitabu cha mahudhurio kwamba mama huyu "hachelewi na hacheki ovyo". Sehemu ya pili si kweli. Mama Selpha hucheka sana, ila hacheki mbele ya mtu ambaye hajamzoea.

Mwaka 1961, mwezi wa Novemba, mvua ilinyesha wiki baada ya wiki na Mto Nyamasaria ukapanda. Mama mkwe wake, Mama Awuor, alikuwa na shamba la mtama na nyumba ya udongo hatua chache kutoka ukingoni. Mto haukuifunika nyumba ile, bali uliila kutoka chini. Ukingo ulikatika kipande kwa kipande kama mkate, siku ya tatu ukuta wa nyuma ukaanguka majini, na wiki iliyofuata shamba nusu likawa limekwenda. Mama Selpha alimhamisha mama mkwe wake akaja kuishi naye chumba kimoja. Hakuna aliyekufa. Lakini alituambia baadaye kwamba tangu siku ile hakuweza kuutazama mto kama mahali pa kuteka maji tu.

Mwaka 1965 tulimpata ofisa mpya, Bwana Zacchaeus Mathenge, kijana aliyetoka upande wa milima ya Nyandarua, ambako mianzi hujiotea msituni bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuja na agizo: kituo kioteshe mianzi mingi ya kushika kingo za mto. Mwanzi ukishika mahali, mizizi yake husukana chini ya ardhi kama mkeka, na maji hushindwa kuubeba udongo. Shida ilikuwa mbegu. Mwanzi huweza kukaa miaka mingi sana bila kuchanua, kwa hiyo mbegu hazikuwapo. Njia tuliyoijua ilikuwa kung'oa visiki pamoja na mizizi yake kwenye shamba moja upande wa Kibos. Kisiki kimoja kilitaka wanaume wawili na asubuhi nzima, na lori lilibeba arobaini tu. Tulihitaji maelfu.

Bwana Mathenge akaagiza dawa. Kwa jina la kitabuni ni homoni ya kuotesha mizizi, ile ambayo mmea hujitengenezea wenyewe kwa kiasi kidogo sana. Sisi tuliiita dawa ya mizizi. Ilikuja ikiwa poda nyeupe ndani ya mkebe, na maelezo yake yalikuwa mepesi: kata shina, chovya ncha, panda. Machi 1967 tulikata mianzi vipande mia sita, kila kimoja na mafundo mawili au matatu, tukachovya ncha, tukavisimamisha matutani. Mama Selpha, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa rasmi, akapewa kuvimwagilia.

Wiki ya tatu vilichipua. Kila fundo lilitoa chipukizi, kila chipukizi likatoa majani. Tuta lilipendeza hata watu waliokuwa wakipita barabara ya Nairobi walisimamisha baiskeli wakatazama. Bwana Mathenge aliandika barua Nairobi. Mimi, karani wa kituo, nilifungua kitabu cha kumbukumbu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Vipande vilivyopandwa, mia sita. Vilivyofaulu, mia sita. Siku ya kukabidhi ikapangwa kuwa tarehe 12 Mei. Turubai zikakodishwa, kwaya ikaitwa, na mgeni wa heshima akakubali kuja.

Jioni ya tarehe 11 Mama Selpha aliingia ofisini, mikono ina tope, ameshika kipande kimoja chenye majani mabichi. Akakiweka mezani juu ya karatasi zangu.

"Bwana Mathenge," alisema, "hiki kimechipua, lakini angalia chini. Hakina mzizi hata mmoja."

"Kitaota kikishapandwa mtoni."

"Nimefukua ishirini. Vyote viko hivi. Kinakula chakula kilichobaki ndani yake. Kikimaliza, kimekufa."

Bwana Mathenge alikigeuza kile kipande mara mbili. Nilimwona ameelewa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, barua zimekwenda. Mgeni yuko njiani."

"Basi mwambie akifika."

Hakumwambia. Siku ya pili tulisimama kwenye mstari na sare zetu zilizopigwa pasi. Mgeni, mtu mpole, alipenda kupokea mche wa kwanza kutoka kwa mikono ya yule aliyeulea. Mama Selpha akasukumwa mbele. Alimpa mche, kisha akasema, wala hakupaza sauti, "Bwana Mkubwa, huu bado. Hauna mizizi. Utupe miezi mitatu tujue tumekosea wapi."

Mgeni alimtazama Bwana Mathenge, naye Bwana Mathenge akatazama viatu vyake. Kisha mgeni akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kitabu mkononi.

"Karani, kitabu kinasema nini?"

Nilikuwa ofisini jana yake. Nilikuwa nimekiona kile kipande kwa macho yangu, na tope lake lilikuwa bado kwenye karatasi zangu. Nikafungua kitabu, nikasoma, "Vilivyofaulu, mia sita, Bwana."

Kwaya ikaimba. Mama Selpha akarudi mahali pake. Jambo ambalo sikulisahau ni kwamba mchana ule alipanda kama sisi sote. Nilimhesabia vipande hamsini na viwili, kila kimoja akikichimbia shimo lake, akikishindilia udongo kwa kisigino taratibu, akijua. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alisema, "Huenda nimekosea. Nisipokipanda vizuri, nitajuaje?"

Hakuwa amekosea. Kufikia mwisho wa Juni kingo zilikuwa na safu ya vijiti vya kahawia. Kabla ya hapo, Jumatatu iliyofuata sherehe, Mama Selpha alihamishwa kutoka kwenye kitalu akapewa kufyeka nyasi za langoni. Ilisemwa ni mabadiliko ya kawaida. Barua ya kumhamisha niliichapa mimi.

Alifyeka nyasi miezi kumi na mitatu. Dada zake walimshauri aache kazi, akauze samaki soko la Jubilee kama wanawake wengine wenye akili. Yeye aliomba kitu kimoja tu: saa ya chakula aruhusiwe kuingia kitaluni, kwa sababu kwenye tuta la mwisho kulibaki vipande ambavyo havikupelekwa mtoni. Havikupelekwa kwa kuwa havikupendeza. Siku ile ya Machi ya kupanda matutani, Dalmas, kibarua aliyekuwa na haraka ya kwenda kula nyoyo yake ya mahindi na maharage ikiwa moto, alichoka kusimamisha vipande kimoja kimoja, akavilaza kama ishirini kwenye mtaro na kuvifukia. Vingine alivigonga kwa panga vikapasuka mgongoni. Kati ya hivyo, kumi na kimoja vilikuwa vinaendelea kukua wakati vyote vilivyosimama vizuri vimekuwa kuni.

Mama Selpha alikifukua kimoja kwa vidole, polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Mizizi ilikuwapo. Haikutoka kwenye ncha tuliyoichovya dawa. Ilitoka kwenye fundo. Na ndani ya pingili, ule uwazi ulio kati ya fundo na fundo, kulikuwa na maji yaliyoingia kupitia ufa wa panga. Akafukua cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa vimelala, vyote vilikuwa na ufa juu, vyote vilikuwa na maji tumboni. Kuchovya ncha ya mwanzi dawa, alituambia baadaye, ni sawa na kumpaka mgonjwa dawa kwenye kiatu.

Masika ya mwaka 1968 mto ulirudi. Ukingo ule ambao ungekuwa na mianzi ya mwaka mmoja ulikatika, na nyumba tatu zikaenda. Wenyewe walikuwa wamehudhuria sherehe. Walikuwa wamepiga makofi.

Wiki ile Bwana Mathenge alitembea kutoka ofisini hadi langoni. Mama Selpha alikuwa ameinama na fyekeo lake, na aliendelea kufyeka mpaka alipofika mwisho wa mstari.

"Mama Selpha," Bwana Mathenge alisema, "vile vya tuta la mwisho, vimebaki vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Tangu mwaka jana?"

"Tangu mwaka jana. Havijafa hata kimoja."

Bwana Mathenge alichuchumaa pale pale kwenye nyasi, suruali yake ya kaki ikalowa. Akasema, "Nilikuwa naogopa. Wewe ulikuwa huogopi?"

"Niliogopa sana," alisema Mama Selpha. "Nina mama mkwe wa kulisha."

Wakaja ofisini pamoja. Nilidhani wamekuja kuzungumza habari za vile vipande. Mama Selpha akaelekeza kidole kwenye rafu. "Karani, tuanze na hicho kitabu. Kikiwa na uongo, tutalinganisha na nini?"

Niliufungua ukurasa ule. Nilikata mstari kwenye mia sita, na juu yake nikaandika: kumi na kimoja. Bwana Mathenge akatia sahihi pembeni, na mimi nikatia yangu. Nikamwomba msamaha Mama Selpha mbele ya ofisa wangu, na leo namwomba tena mbele yenu nyote, kwa sababu wakati ule tulikuwa watu watatu tu na mgeni aliyedanganywa alidanganywa mbele ya umati. Alinijibu, "Nimesikia, Walubengo. Sasa leta karatasi safi."

Kazi iliyofuata ilichukua miaka mitatu, nami siwezi kuieleza yote hapa. Walitoboa kila pingili kwa keekee ya seremala, wakamimina dawa ndani badala ya kuipaka nje, wakaziba tundu kwa nta na utepe wa nailoni, wakavilaza vipande kwenye matuta chini ya kivuli cha mafunjo yaliyokatwa ufukweni. Poda ya mkebe haikufaa kwa kazi hiyo. Bwana Mathenge akatafuta homoni yenyewe, chembechembe kidogo ndani ya kichupa cha rangi ya kahawia, nayo ikakataa kuyeyuka majini. Ilitaka kuyeyushwa kwanza kwenye spiriti. Tuliandika kuomba spiriti mwezi wa pili. Mwezi wa saba tulikuwa bado tunajibiwa kwamba barua yetu imepokelewa.

Hapo ndipo Mama Selpha, mwimbaji wa kanisa ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya busaa, alipokwenda Nyalenda na chupa ya soda kununua chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Alichagua ile kali kuliko zote. Aliijaribu kwa kuiwasha kiberiti, na muuzaji akafurahi kupata mteja anayejua kazi. Alipokwenda mara ya tatu habari zikafika kanisani, akaitwa na wazee.

"Mama Selpha, tumeambiwa unanunua pombe haramu."

"Nanunua, Baba Mchungaji. Sinywi."

"Nani anayekunywa?"

"Mianzi."

Waliposhindwa kuelewa aliwaomba waje kituoni, nao wakaja watatu na Biblia zao. Aliwaonyesha vipande vilivyolala, matundu, nta, na kimoja kilichokwisha kutoa mizizi myeupe mirefu kama kidole. Mzee mmoja alinusa tundu lililo wazi akarudi nyuma. Shauri likafungwa. Mchungaji aliandika barua ya kutuombea spiriti, na ile barua yake ilijibiwa kwa wiki mbili. Mungu ana ofisi inayofanya kazi kuliko yetu.

Mara ya kwanza dawa ilizidi, macho ya mianzi yakawa meusi kama yamechomwa. Wakaipunguza nusu, kisha nusu ya nusu. Wakagundua kwamba mwanzi wa mwaka mmoja hadi miwili ndio wenye nguvu, kwamba ule mzee hauoti na ule mchanga huoza, na kwamba ni lazima ukatwe kabla mvua ya Machi haijaanza. Mwaka 1969 walipata vipande kumi na tisa kwa kila mia. Mwaka uliofuata thelathini na vinane, na 1971 wakafika sabini na kimoja. Nambari hizi zimo kitabuni, na hazina mstari uliokatwa.

Mwaka ule ule wa 1969 Mama Selpha alijiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alisema anataka kujisomea kitabu cha kumbukumbu mwenyewe asisomewe tena. Alipohitimu alianza kukikagua kila Ijumaa, na akinikuta nimekosea tarehe hunionyesha kwa kalamu nyekundu ambayo hununua kwa pesa zake.

Alipandishwa kuwa msimamizi wa kitalu mwaka 1972, mwanamke wa kwanza hapa kwetu. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna mche utakaotoka langoni mpaka yeye mwenyewe auvute kwa vidole viwili na ukatae kutoka. Alimkatalia Chifu, na Bwana Mathenge aliyetaka miche kumi ya nyumbani kwake Migosi alikataliwa sita. Wakulima walikasirika, wakarudi baada ya mwezi, wakachukua miche ambayo haikufa. Kati ya 1972 na 1975 mianzi elfu nne na mia tatu ilipandwa kwenye maili mbili za ukingo, pande zote mbili.

Dalmas bado yuko nasi. Yeye hudai kwamba uvumbuzi wote ni wake, na kwamba ulitokana na nyoyo. Mama Selpha hajawahi kubisha. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kulaza vipande, humpikia.

Si kila jambo lilikwenda vizuri. Mama Awuor alifariki mwaka 1970, kabla hajauona ukingo wa shamba lake ukipandwa. Mama Selpha aliomba ruhusa ya siku nne, akarudi siku ya tatu kwa sababu kulikuwa na jua kali na hakumwamini mtu na matuta. Alifanya kazi siku nzima, na wakati wa chakula alikaa peke yake karibu na pampu. Mwaka 1973 alipanda shamba lile kwa mikono yake, siku ya Jumapili baada ya ibada, na hakutaka msaada wetu.

Mwaka jana mvua ilinyesha kama ile ya 1961, na Aprili mwaka huu ikanyesha tena. Mto Nyamasaria ulipanda mpaka kwenye alama ya juu kabisa ya nguzo ya daraja. Tulikwenda wote kutazama, Bwana Mathenge akiwa amevaa gambuti za mtu mwingine. Maji yalipita mekundu na magogo ndani yake. Mianzi iliinama, ikalala karibu kugusa maji, ikainuka. Upande wa juu, ambako hatukufika kupanda, tulisikia ukingo ukianguka. Kwetu haukuanguka. Mama Selpha alitembea maili zote mbili, kwenda na kurudi, akihesabu mapengo. Alipata manne, yote madogo. Akasema, "Tutaziba mwezi wa tatu," kisha akakumbuka kwamba mwezi wa tatu hatakuwapo, akamwambia mwanafunzi wake, Nekoye, "Utaziba."

Bi. Nekoye ndiye anayepokea kitalu. Amefundishwa na Mama Selpha miaka mitatu. Wiki iliyopita mwalimu wake alimkatalia miche themanini kati ya mia, na Nekoye alilia kidogo nyuma ya stoo, kisha akarudi akairudisha yote matutani. Nadhani tuko salama.

Mama Selpha, unakwenda kuishi kwenye shamba la Mama Awuor, katika nyumba mpya ya mabati iliyo hatua chache tu kutoka ukingoni. Wapo waliokuuliza kama huogopi kujenga pale. Uliwaambia waje wakutembelee wakati wa masika. Tutakuja. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, na familia za kando ya mto ambazo Aprili hii zililala usingizi mpaka asubuhi huku mvua ikinyesha, tunasema asante, ero kamano. Mungu akupe afya na miaka mingi ya mavuno. Sasa nawe ulale usingizi mpaka asubuhi, Mama.

Tom Walubengo,
Karani wa Kituo